Sentensi za Shamba la Mkongoni

Nzega, 9 Februari 2025

Mpwa wangu Shamsia,

Leo ni tarehe tisa Februari. Mwezi kama huu, mwaka 1977, nilipanda mashua kutoka kwetu Maparoni kwenda Nyamisati nikiwa na sanduku la bati na barua ya kuripoti kazini huku Nzega. Nilimwambia mama kwamba nitarudi baada ya miaka miwili. Imetimia arobaini na minane. Naihesabu kila Februari, maana mwalimu mstaafu ana asubuhi ndefu.

Barua yako imefika. Imelowa pembeni, lakini inasomeka. Nimeielewa hivi, unisahihishe nikikosea. Septemba iliyopita wageni wa mradi wa kupanda mikoko walifika Mkongoni na picha zilizopigwa kutoka angani. Waliona madungu yetu ya kulindia mpunga hayana paa wala sakafu, nguzo tupu juu ya matope, wakaandika kwamba shamba limetelekezwa. Mkalimani waliyemchukua mjini hakuwaeleza kwamba mpunga ukishavunwa sisi hushusha makuti na fito za dungu, tukavibeba nyumbani hadi msimu mwingine. Labda hakujua. Sasa mashamba yote yaliyoandikwa hivyo yatatiwa miche ya mikoko, na la Mkongoni limo. Julai wageni watakuja kusikiliza wenye malalamiko. Wewe umeapa kwamba safari hii utasema mwenyewe, kwa Kiingereza, pasipo mkalimani.

Umeapa vizuri. Shamba hilo alililima bibi yako, kisha mama yako Tatu, dada yangu, Mungu amrehemu, na sasa wewe. Haliwezi kupotea kwa sababu ya mkalimani mvivu.

Unauliza kwa nini tusifundishane kwa simu. Simu haina pambizo. Mimi husahihisha pembeni mwa karatasi kwa wino mwekundu, na mwanafunzi huona kosa lake limekaa wapi. Basi tuandikiane. Mashua, basi, posta: siku kumi na tano zinatutosha.

Somo la kwanza. Usitafute maneno makubwa. Umefika kidato cha pili, na maneno unayoyahitaji ulishafundishwa: panda, kata, beba, lala, ngoja. Shida ya wengi ni kwamba wanalijua neno, ila hawajawahi kulipa kazi. Andika sentensi kumi. Katika kila moja weka tendo ambalo wewe mwenyewe umelifanya kwa mikono yako. Usiandike jambo ulilosimuliwa.

Kuhusu dungu, usihangaike kutafuta neno lake. Waingereza hawana dungu, kwa hiyo hawana neno. Sema linafanya kazi gani. *We sleep above the rice and drive the birds away.* Tunalala juu ya mpunga na kufukuza ndege. Mtu mwenye akili akiisikia hiyo, dungu ataliona mwenyewe.

Nami mavuno haya nitarudi, inshallah.

Mjomba wako,
Ismaily Ngwele

*

Mkongoni, 4 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Ramadhani karimu. Naandika nikiwa juu ya dungu, magoti ndiyo meza, kwa hiyo ukiona mstari unapanda na kushuka si mwandiko, ni mbao. Maji baridi ya mto yameteremka vizuri mwaka huu, chumvi imerudi nyuma, na mpunga umeshika.

Sentensi nazifanyia mazoezi kwa sauti wakati wa kupalilia. Jana niliinama nikasema, *I cut the grass with a knife.* Ashura wa dungu la pili akasimama, mkono kiunoni.

"We Shamsia! Umefunga, au daku umekula mzungu?"

"Nasoma."

"Soma kimya. Nyasi wenyewe wanaogopa."

Lakini leo asubuhi nimemkuta peke yake anafukuza ndege anapiga debe, huku akisema, "Birdi, go! Birdi, go!" Nilicheka mpaka nikaogopa saumu yangu.

Hizi hapa kumi:

*I carry the seed on my head.
I plant when the salt goes down.
I cut the grass with a knife.
I sleep above the rice and drive the birds away.
My mother slept here. I was born in the month of birds.
After harvest I take down the roof and I carry it home.
I carry it back in December.
I yet farm here.
I not leave this field, it rests.
This field is of my uncle Ismaily.*

Ya tisa ndiyo ninayoipenda. Ile ya kuzaliwa mwezi wa ndege mama alinihadithia, sikuifanya kwa mikono yangu, lakini nadhani nilikuwepo.

Nina swali moja. Kama unataka kusema mtu atarudi, na hujui atarudi lini, wala huna hakika kama atarudi, Kiingereza kinasemaje?

Mpwa wako,
Shamsia Saidy

*

Nzega, 24 Machi 2025

Mpwa wangu,

Karatasi yako nakurudishia. Usitishike na wekundu, ni mdogo kuliko nilivyotarajia.

Ya nane: sisi tuna "bado" moja inayofanya kazi mbili, wao wamezigawa. Kwa jambo linaloendelea sema *still*. *I still farm here.* Isome mara ishirini. Ndiyo sentensi itakayobeba nyumba.

Ya tisa umekosa kitu kidogo, nimekiweka pembeni. Lakini wazo la shamba kupumzika usilibadilishe. Nimefundisha miaka thelathini na mitatu, na sikumbuki mwanafunzi aliyeniletea sentensi ya namna hiyo.

Ya kumi: *This field belongs to my uncle Ismaily.* Nilipoisoma niliweka kalamu chini nikatoka nje kidogo. Huku hakuna mtu anayejua kwamba nina shamba. Wananijua kama mwalimu mzee wa nyumba ya kona. Ahsante kwa kulitaja jina langu mahali linapostahili.

Na swali lako. Sema *He will return.* Usiongeze "labda", usiongeze "nadhani". Sentensi yenye shaka humfanya msikilizaji afunge daftari lake. Sema kwa kifua: shamba ni la mjomba wangu, na atarudi.

Muombe Bi Mwanamkuu anisukie mkeka wa kulalia dunguni. Mwambie binamu yake anakuja, aache maneno yake.

Eid njema itakapofika.

Mjomba wako,
Ismaily

*

Maparoni, 28 Aprili 2025

Mjomba, shikamoo.

Mkeka nimemwambia Bi Mwanamkuu. Alikunja ukili aliokuwa anasuka, akaenda zake.

Wiki iliyopita bibi mmoja wa mradi alikuja Nyamisati kabla ya wenzake, kuandaa ile safari ya Julai. Nilivuka kwenda kumwona, Bi Mwanamkuu akanisindikiza. Nilisema bila mkalimani. Nilisema yote kumi, na nyingine nilizozitunga palepale. Alielewa. Nilipofika kwenye kulala juu ya mpunga alinyanyua uso akaniuliza, ndege gani, wakubwa au wadogo? Nikamwambia wadogo, wengi. Tulicheka wote wawili. Akatoa fomu yake, akalikata lile neno la "limetelekezwa".

Alichoandika badala yake nitakueleza siku nyingine.

Mjomba, kikao ni tarehe 15 Julai, saa nne asubuhi. Nataka kujua kwa uhakika: utapanda basi siku gani?

Mpwa wako,
Shamsia

*

Maparoni, 30 Aprili 2025

Kwa Ismaily, binamu usiye na haya.

Naandika mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, mwaka ule wa elimu ya watu wazima, ukanichapa rula mkononi kwa sababu ya herufi "g". Leo nitakulipa.

Mtoto anakuficha, mimi sikufichi. Nilikuwepo Nyamisati. Kile Kizungu sikukielewa, lakini uso niliuelewa. Yule mama alikuwa anacheka naye, mara akauliza jambo, Shamsia akajibu, na yule mama akaacha kucheka akaandika. Kwenye mashua nikamwambia Shamsia, nitolee maneno yote, moja moja. Akanitolea.

Aliulizwa, shamba la nani? Akajibu, la mjomba wangu, atarudi. Akaulizwa, na wewe una nini hapa? Akajibu, sina kitu, naangalia tu.

Alijibu kwa adabu, Ismaily. Kwetu anayeshika shamba la mkubwa hasemi "langu". Hata Tatu hakusema. Alilima miaka arobaini, mtu akimpita akimsifu mpunga anasema, "Wa kaka huo." Na kila mavuno pishi ya kwanza ya mpunga inafungwa, inavushwa, inapelekwa Kibiti kwenye basi ije kwako, na wewe unaipokea. Ukiipokea umesema shamba ni lako. Hata fungu lake la mirathi Tatu hakulidai. Aliona aibu, kaka yupo safarini.

Sasa yule mama ameandika: mwenye shamba hayupo, atarudi. Na sheria yao ni kwamba shamba ambalo mwenyewe hayupo misimu miwili linahesabiwa na yale matupu, mpaka mwenyewe asimame pale tarehe 15, au aandike kwamba amelitoa. Aliyelishika hahesabiwi. Ni kama nguzo ya dungu tu.

Nilidhani mtoto atalia. Hakulia. Alikamua maji kwenye kanga yake akasema, "Bibi, sentensi zote zilikuwa sawa."

Unaleta habari za mkeka! Ulikuja mwaka 1994 kwenye arobaini ya mama yako. Ulisema utakaa mwezi. Ukaomba mtumbwi uende Mkongoni peke yako, ukapotea kwenye mto wa kwenu, jirani yetu Dadi akaja kukutoa mikokoni jioni viatu mkononi. Siku ya tatu ukaondoka. Mimi niliona uso wako siku ile. Nikasema moyoni, huyu harudi tena. Nimenyamaza miaka thelathini na moja, nadhani inatosha.

Mkeka sisuki.

Mwanamkuu

*

Nzega, 12 Mei 2025

Binamu Mwanamkuu,

Herufi zako za "g" zimenyooka.

Shamba ni la baba yangu. Aliling'oa kwenye mikoko kwa shoka moja, na mimi nikiwa nashika kamba. Hakuna karatasi ya mgeni yeyote inayoweza kunifanya nisiwe mtoto wa mtu yule. Wala sikuwahi kumzuia Tatu kula mpunga wake. Sikuomba ile pishi, mlileta.

Unataka niandike kwamba sirudi. Unalijua jambo unaloliomba? Mtu anayesema atarudi yuko safarini. Asiyerudi amehama. Nimekaa huku maisha yangu yote kama mtu aliye safarini, na nikiandika hilo neno, nimebaki nani?

Usimwambie Shamsia kwamba umeniandikia.

Ismaily

*

Mkongoni, 1 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Bi Mwanamkuu amenisomea barua yako. Alisema hakuahidi kitu.

Mpunga umeanza kuinama. Ndege wamekuja kama kawaida yao, na Ashura sasa anawafukuza kwa Kiingereza chote anachokijua, maneno sita. Silali vizuri, lakini si kwa ajili ya ndege.

Nilikuficha kwa sababu nilidhani ni kosa langu la lugha. Nilirudi dunguni nikachukua karatasi zako zote, nikasoma wekundu wote, nikitafuta nilikosea wapi. Sikupata. Ndipo nikasoma somo lako la kwanza: weka tendo ulilolifanya mwenyewe kwa mikono yako, usiandike jambo ulilosimuliwa. Nikahesabu zile kumi. Nane nimezifanya. Ile ya kuzaliwa nimesimuliwa. Na ile ya kumi pia nimesimuliwa, Mjomba. Sijawahi kukuona Mkongoni. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka mitatu. Nimesimuliwa kwamba shamba ni lako, kama nilivyosimuliwa mafuriko ya zamani.

Basi nimeamua hivi. Tarehe 15 Julai nitasimama nitasema: *This is my field. I still farm here.* Nimeisema peke yangu mara ya kwanza nikaona haya, nikaangalia nyuma kama mama yupo. Mara ya kumi haya ikapungua. Sasa naweza kuisema huku nafukuza ndege.

Nakuomba ruhusa. Naiomba kwa moyo wangu wote, kwa sababu wewe ni kaka wa mama yangu na sina mjomba mwingine. Lakini ukininyima, nitaisema vilevile, kisha nitapanda basi kuja Nzega kukuomba radhi kwa magoti. Sitaki tuje tukutane akhera, mama aniulize shamba liko wapi, nimjibu kwamba lilichukuliwa kwa sababu niliona haya kusema.

Huwezi kubaki si mtu, Mjomba. Lile swali lako, "nimebaki nani", limenichoma. Kwetu wewe ni Mjomba Ismaily ukiwa na shamba au usipokuwa nalo. Watoto wangu wanakujua kwa mwandiko.

Pishi ya mwaka huu sitaituma. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, si kwa kuingoja.

Mpwa wako,
Shamsia

*

Nzega, 17 Juni 2025

Mpwa wangu Shamsia,

Marahaba. Barua yako ilifika juzi. Nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea, na sikupata mahali pa kuigusa.

Nitakuambia yaliyotokea mwaka 1994, kwa sababu Mwanamkuu aliyaona kwa nje tu. Nilichukua mtumbwi kwenda Mkongoni nikiwa na hakika. Nilizijua kona zote: mti wa mkandaa ulioinama, kisha mdomo wa kijito, kisha kushoto. Mkandaa haukuwepo. Mdomo ulikuwa umehamia mbali, mto umejichimbia njia nyingine. Nilikaa ndani ya mtumbwi maji yakipwa, nikasikia watu wanacheka na kupiga madebe ng'ambo ya mikoko, na nikatambua sauti ya Tatu. Alikuwa shambani. Ningeweza kumwita. Sikumwita, kwa sababu ingenibidi niseme, "Dada, nielekeze shamba langu liko wapi." Nilinyamaza mpaka Dadi akaja.

Tangu siku ile nilijua. Na tangu siku ile nimeandika "nitarudi" katika kila barua, mara nyingi zaidi kuliko kabla. Nimewafundisha watoto wa watu kwamba neno hulijui mpaka ulitumie mahali pake, na mimi neno hilo nimelitumia miaka thelathini na moja mahali pasipo pake. Sarufi yake haikuwa na dosari hata moja. Tatu ndiye aliyelipia. Alikufa akilima "wa kaka", na mimi nilipokea pishi zake, nikawapikia wageni wangu, nikawaambia, huu umetoka shambani kwangu.

Huku kuna nyumba niliyoijenga, na hatua sitini kutoka mlangoni kuna kaburi la mke wangu. Wanangu wanaota ndoto zao kwa Kinyamwezi. Mwezi uliopita nilikwenda kituoni kuuliza basi. Kijana wa tiketi akaniuliza, "Mzee, kwenda na kurudi?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza narudi lini Nzega, nikamjibu baada ya siku nne. Nilijibu bila kufikiri. Nilikaa kwenye benchi pale mpaka basi likaondoka, nikalitazama.

Ruhusa uliyoiomba sina uwezo wa kukunyima, na hata ningekuwa nao nisingethubutu. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ya Kiswahili, ni ya ofisi ya kijiji. Mashahidi wangu wawili wametia saini, na mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri. Inasema kwamba fungu la Tatu lilikuwa lake tangu baba alipofariki, na fungu langu nimekupa wewe, Shamsia binti Saidy, leo na hata milele, na kwamba nimefanya hivyo nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mradi wala na Mwanamkuu. Ya pili ni hiyohiyo kwa Kiingereza, kwa ajili ya wageni. Nimeiandika mara tano. Mara nne za kwanza niliweka maneno makubwa, kama wakili. Ya tano ina maneno yaleyale ya kwako: lima, panda, lala, toa.

Usiwape ile karatasi kwanza. Sema kwanza. Simama mahali ambapo wataona madungu nyuma yako, na makuti yakiwa bado juu, kwa hiyo usiruhusu mtu ashushe hata kuti moja kabla ya tarehe kumi na tano. Wakikuuliza una nini hapa, usijibu kwa adabu. Wakikuuliza habari za mjomba, waambie kwamba yupo, ni mzima, anakaa Nzega, na ndiko kwake. Kisha wape karatasi.

Niandikie yatakayotokea, vyovyote yatakavyokuwa. Na wakikataa, usikunje mkeka. Omba majina yao, omba sababu zao kwa maandishi, nitumie. Nina wino wa kutosha, na sijawahi kusahihisha fomu ya mradi.

Msalimie Mwanamkuu. Mwambie alikuwa sahihi, na kwamba sitaki alirudie neno hilo mbele ya watu.

Maneno yaliyobaki nilipaswa kuyaandika wakati mama yako yu hai. Sitarudi Maparoni.

Mjomba wako,
Ismaily Ngwele